Uvungu wa Wayo

Natoka bafuni miguu imelowa,
nakanyaga saruji ya ukumbini.
Nageuka kutazama: visiwa viwili,
kimoja cha vidole, kimoja cha kisigino,
na kati yake pakavu,
hata uzi wa maji haukuvuka.
Mtu angedhani tumepita wawili
tusiosemezana.

Mamangu akijivunia uvungu huu.
"Tazameni wayo wa mwanangu," akiwaambia wageni,
"mjusi apita chini asiguswe!"
Nilipoolewa, somo yangu wa Kibokoni
alinipaka hina mpaka chini ya nyayo.
Kisiginoni haikumaliza wiki,
chini ya vidole ikafifia,
uvunguni ikakaa, nyekundu vile vile,
hata mume kishazoea kuniita kwa jina tu.

Uzuri hauna soli.
Shimanzi, ghala la chai, masaa manane wima,
daftari mkononi, nahesabu magunia:
Kericho arobaini, Nandi sitini,
na kila gunia likitua
kisigino changu chaitika.
Jioni ukingo wa nje wawaka moto,
kifundo chateguka mahali palipo sawa,
wala hapana jiwe la kulisingizia.
Wenzangu husema: ni umri, Saumu.
Nina miaka thelathini na minne.

Nilinunua laini kama sifongo.
Wiki mbili, zikalala kama andazi la jana.
Nikanunua ghali, Barabara ya Nkrumah,
raba zilizonyanyuliwa upande wa ndani;
kumbe ni dawa ya wenye nyayo bapa,
zikanisukuma nje zaidi,
nikawa natembea kingoni
kama paka juu ya ukuta.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
ya kiatu aijuaye mshona viatu.
Nzaro wa Mwembe Tayari hakunitazama uso.
Alivipindua viatu, akasoma soli.
"Umevila nje. Ndani vipya kabisa."
Akashika kimoja, akakikunja katikati,
kikakunjika kama chapati.
"Hiki si kiatu, dada. Hii ni soksi."

Akanifunza kwa kidole gumba:
bonyeza nyuma, kisigino kisibonyee;
pinda mbele, kikubali pale vidole vipindapo,
si kwengineko.
Soli ya ndani iwe ya kutoka,
ili nyingine ipate pa kuingia.
Na ujaribu jioni, mguu umeshachoka,
asubuhi mguu ni mwongo.
Kamba nazo, zirushe tundu moja
pale mgongo wa mguu ulipoinuka,
usiufunge kama mzigo wa kuni.

Nikaenda Kongowea, nikachakura
lundo la Kadzo hadi adhuhuri,
nikibonyeza, nikipinda, akinicheka:
"Wanunua kiatu ama wachagua nazi?"

Nzaro akakata mpira, akapachika ngozi,
akainua mgongo mdogo katikati.
Nilitaka mrefu, ujaze shimo lote.
Akakataa. "Mguu haukuzoea kuguswa hapo.
Leo saa moja, kesho mbili.
Ukiujaza kwa siku moja, utagoma."
Safari ya pili akaongeza utando,
ya tatu akaongeza mwingine,
mwembamba kama ganda la kitunguu.

Sikuamka siku moja nimepona.
Ni kwamba Alhamisi moja, Nandi sitini,
nilifika mwisho wa ukurasa
nikakumbuka kuwa nina miguu.

Juzi nimezitoa soli, nikazianika dirishani.
Jasho la miezi mitatu limechora:
vidole, kisigino, na katikati,
pale palipobaki na hina,
doa jeusi lililounganika.
Mamangu kaja kunitazama,
kaiokota moja, kaigeuza geuza kwenye mwanga.
"Huu wayo wa nani?" akauliza.

Wangu, mama.

Hakuamini. Akanitaka nioshe miguu,
nikanyage saruji.